Nyumba Niliyoipita

Jumanne, 3 Januari 1995

Khubaib ameniletea shajara mpya. Ofisini kwao bandarini hupewa mbili kila mwaka: moja humpa mamake, shoga yangu Nana, na moja huniletea mimi. Nana huandika humo mapishi na namba za simu. Mimi huandika watu.

"Mama mdogo," akaniambia, "mwaka huu usinitie mimi."

Nimekwisha kumtia. Ana mchumba huko Tudor, na baada ya Idi ataoa. Siku hizi akitembea hujichekea peke yake.

Joto la kaskazi limeshika. Hata paka wa Kibokoni wamehamia kwenye ngazi za msikiti.

Jumapili, 8 Januari

Ndugu yangu Mwalimu Abdulghafur amekuja alasiri na mkewe, wamevaa kana kwamba wanakwenda kwa wakwe. Wakanywa kahawa, wakauliza hali ya goti langu mara mbili. Nikajua wana neno. Mwisho ndugu yangu akakohoa kile kikohozi chake cha madrasani.

"Dadangu, Barke twamuoza Ijumaa ya tarehe ishirini. Tumekuja kukuomba utualikie."

"Kwani yuko mwengine?" nikamwuliza.

Wifi yangu akasema watoto wa siku hizi wapiga chapa kadi. Ndugu yangu akamjibu kwamba kadi ni karatasi, na karatasi haina mdomo wa kumwamkia mtu. Nikampenda kwa neno hilo. Si kila siku nampenda.

Miaka kumi na tisa nimealika harusi za mji huu na sijapata kupitisha nyumba. Siandiki orodha. Nyumba zote ninazo kichwani, kwa mlango, kwa bibi wa ndani, kwa binti aliyeolewa akahama. Ukiachwa kualikwa mjini petu, hukukosa pilau tu. Umeambiwa kwamba humo katika watu.

Jumanne, 10 Januari

Siku ya kwanza ya kualika. Nimeanza upande wa msikiti, mkono wa kulia, kama alivyonifundisha marehemu mama. Yeye alikuwa akinitanguliza mbele, nami msichana mzima naona haya, na mlangoni hunifinya mgongo niseme:

"Hodi wenyewe! Nimetumwa na fulani na mkewe, wawasalimu sana. Siku fulani wamuoza mtoto wao. Mumealikwa nyote, mkubwa na mdogo, aliyeko na aliyetoka."

Maneno ni yale yale hadi leo. Nyumba ndizo si zile. Ile ya kwanza baada ya msikiti ilikuwa na mama watano na masufuria matano, na ukimaliza kualika tini walikuita juu ualike tena. Leo tini pana mashine ya fotokopi na juu pana popo. Jirani yake imekuwa duka la vinyago vya watalii. Nimesimama mbele yake kidogo, mwenye duka akadhani nataka kununua twiga.

Ningelia, ila nilikuwa na nyumba sitini zaidi.

Jumatano, 11 Januari

Kuze, kisha Marikiti kumwalika Dama, ambaye ameniuzia mboga tangu yeye na mimi tuna viuno. Akauliza avae nini. Nikamwambia avae chochote ila lile gauni la Krismasi. Atalivaa.

Alhamisi, 12 Januari

Ganjoni nimefika. Ngazi za ghorofa nne si mchezo kwa goti hili. Kualika kumekwisha.

Jumamosi, 21 Januari

Barke ameolewa jana, na leo amepambwa. Alipotolewa na hina yake hadi viwikoni, nilimwona mtoto niliyekuwa nikimwosha kwenye beseni la bati, na machozi yakanitoka mbele ya watu. Wanawake wote wamevaa leso za sare, za kijani, tulizokubaliana tangu Disemba, hata kabla ya tarehe kuwekwa. Vigelegele vimeniziba sikio moja. Dama alikuja na gauni la Krismasi, na juu yake kajifunga leso ya sare, akacheza kuliko wote.

Katikati ya chakula wifi yangu akaniinamia. "Nana yu wapi? Simwoni tangu alasiri."

"Sijui. Labda mgonjwa."

"Ulimwalika?"

Nikajifanya nimeitwa jikoni.

Jumatatu, 23 Januari

Khubaib amekuja saa kumi, na ndugu yangu alikuwa hapa. Hakukaa. Mkononi ana leso ya kijani iliyokunjwa kwa mikunjo yake ya dukani.

"Mama mdogo, mama auliza amekosa nini."

Akatueleza. Jumamosi Nana alioga, akavaa, akajifukiza udi, akakaa kwenye kiti cha karibu na mlango tangu alasiri. Alidhani labda mwalikaji amechelewa na atafika hata dakika ya mwisho. Khubaib akamwambia, twende tu, si watu wetu? Akajibiwa, "Hatwendi kwa watu bila kualikwa." Magharibi ilipoadhiniwa akavua leso, akaikunja, akaenda kuswali.

Mimi nilikuwa natazama kikombe. Ndugu yangu, ambaye akiona kimya hukijaza, akasema, "Mwambie mama kwamba dadangu ameghafilika."

Akaanza darsa. Kukosea, akasema, ni kwa mwenye kujifunza. Kukosa ni kwa mwenye kukusudia. Kughafilika ni kwa binadamu yeyote: moyo uko pale pale, ila kumbukumbu imepitiwa. Hata imamu hughafilika akapunguza rakaa, na sheria imemwekea sijida ya kurekebisha. Ni neno la watu wazima. Ukilisema, hakuna anayeruhusiwa kukuuliza zaidi.

Sijui kama kamusi yakubaliana naye yote. Lakini Khubaib alikuwa ananitazama.

"Naam," nikasema. "Nimeghafilika, mwanangu."

Neno lilitoka laini kama tende isiyo kokwa. Khubaib akapumua, akanibusu kichwa, akaenda zake.

Jumanne, 24 Januari

Daftari hili nimelidanganya, na kudanganya daftari ni upumbavu, maana msomaji ni mimi.

Sikughafilika.

Niandike tangu mwanzo. Mimi na Nana tulisoma chuo kimoja cha Kurani, uani kwa mwalimu wetu wa kike, tukikalia mkeka mmoja na tukishika msahafu mmoja kwa sababu wake uling'atwa na mbuzi. Mwalimu alikuwa na kanuni. Ukiruka aya kwa kupitiwa, hakugusi. Husema tu, "Umeghafilika. Rudi ulipoacha." Ukiruka kusudi ili umalize upesi ukacheze, alikujua, na hapo ndipo ukionja fimbo ya henzirani. Siku moja Nana alimwuliza ajuaje. Mwalimu akasema aliyeghafilika akiambiwa hushtuka, na aliyekusudia huinamisha uso.

Jana nilikuwa natazama kikombe.

Idi ya mfungo uliopita nilikuwa sebuleni kwa Nana huko Ganjoni alikohamia na mwanawe. Tulikuwa wanawake kumi na tatu. Yakaja mazungumzo ya harusi, nani ataalika za nani, na Nana, ambaye ulimi wake hupenda jukwaa, akasema, "Mwacheni Fadhiya aalike za watu, maskini. Za kwake ataalikia nani?"

Wakacheka. Nilicheka kuliko wote. Mimi sikujaliwa mtoto. Marehemu mume wangu hakunisimanga kwa hilo hata siku moja kwa miaka ishirini na mbili, na Nana alijua jinsi nilivyolia kila mwezi, kwa sababu nililia mapajani mwake.

Nililihifadhi neno hilo miezi kumi. Sikumwambia. Niliendelea kumwamkia, kumpikia, kumbusu.

Tarehe kumi na mbili nikapanda ngazi zake. Nyumba ya mwisho. Nikafika mlangoni, nikaona pazia lake la maua, nikamsikia ndani akicheka kwa simu. Pengine alikuwa akichekea bei ya samaki. Mimi nilisikia kicheko kile cha Idi. Mkono niliuinua kupiga hodi. Nikaushusha.

Na nilipokuwa nikishuka, goti halikuuma. Hilo ndilo linalonitisha.

Jumapili, 29 Januari

Leo tumekula karamu ya kuvunja jungu kwa ndugu yangu, maana Ramadhani yaja wiki hii. Nana akatokea na sinia la biriani kichwani kwa Khubaib. Nikasema, haya, leo nitaambiwa. Nilikuwa nimejiandaa kugombana. Kugombana na Nana najua.

Akanivuta mpaka chumba cha ndani, akafunga mlango, akanishika mikono miwili.

"Shoga, funguo waziweka wapi siku hizi?"

"Msumarini. Kwa nini?"

"Na chumvi? Wajikuta umetia mara mbili?"

Hapo nikafahamu. Marehemu mamake alianza kwa kusahau chumvi. Kisha akasahau njia ya msikitini. Mwisho akamtazama Nana, aliyekuwa akimlisha uji, akamwuliza, "Wewe mtoto wa nani?"

"Miaka kumi na tisa hukupitisha nyumba," akasema, na mato yake yamejaa machozi. "Ukaipitisha yangu, mimi! Nilikasirika wiki nzima, Fadhiya. Nikakusema maneno kwa Khubaib. Kumbe wewe mwenzangu u mgonjwa. Nisamehe. Ramadhani hino isitukute na kinyongo."

Ananitaka radhi yeye mimi. Nilipaswa kusema pale pale. Badala yake nikasema, "Nimekusamehe," na nimeliandika hapa ili nilione lilivyo baya.

Alhamisi, 2 Februari

Mfungo wa kwanza. Khubaib kapitia akitoka kazini na sahani ya mbaazi za nazi kutoka kwa mamake. Nimemrudishia sahani ya jana na kaimati ndani. Mbaazi tamu sana. Sikumaliza.

Jumanne, 7 Februari

Mji mzima wajua. Wifi yangu amekuja kuangalia kama nimezima jiko. Ndugu yangu ameandika ubao wa aya za kuzidisha hifadhi na kuutundika mbele ya kitanda changu. Marikiti, Dama amenitilia ndimu kapuni na kuniambia mara tatu, kwa sauti ya kumsemesha kiziwi, "Ndimu, mama! Umenunua ndimu! Ziko humu!"

"Dama, nitakupiga nazo."

"Sawa, mama," akasema kwa upole. Dama hajapata kuwa mpole tangu nimjue.

Nikirudi nimepita nyumba zote za mtaa nikizitaja moyoni. Mlango, bibi, binti, alikoolewa. Sikukosa hata moja. Hakuna wa kumwambia.

Jumapili, 12 Februari

Nana alikuja mwenyewe na sahani, jua la saa tisa, na saumu yake. Akakaa, akapanga leso yake, akaipangua.

"Fadhiya, harusi ya Khubaib ni Ijumaa tarehe kumi na saba Machi, Mfungo Mosi, Idi ikishapita. Tumeonelea tupige chapa kadi. Usije ukajisumbua na jua na hizo ngazi."

"Sijisumbui."

"Najua. Lakini usijisumbue."

Khubaib alizaliwa mikononi mwangu, usiku Nana alipokosa mkunga. Jino lake la kwanza nililiona mimi. Kama iko harusi moja ya kualika duniani ni hiyo, na nimejinyang'anya kwa mdomo wangu mwenyewe.

Jumamosi, 18 Februari

Mbaazi tena.

Ijumaa, 24 Februari

Nimehesabu njia, ziko mbili. Nikinyamaza, nitabaki na Nana, lakini kichwa changu na kazi ya mama yangu vimekwenda, na kila sahani nitakayokula ni ya mgonjwa nisiye. Nikisema, nitarudishiwa kichwa na nitampoteza yeye. Ndugu yangu nilimwuliza, kwa kuzunguka, kama mtu aweza kusema ameghafilika ilhali hakughafilika. Akasema neno ni la heshima, na neno la heshima huazimwa, haliibiwi. Kwa mara ya pili mwaka huu nimempenda.

Napenda kuwa na Nana kuliko kuwa na akili timamu. Ila huyu aliye naye Nana si mimi.

Jumatatu, 27 Februari

Nimekwenda baada ya alasiri, na sahani yake mkononi, ndani mkate wa sinia. Nilipofika ghorofa ya tatu goti liliwaka moto. Nikashukuru.

Nana alifungua. "Umekuja peke yako? Njia uliijua?"

"Naijua, Nana. Na ile siku niliijua."

Sikukaa. Nilijua nikikaa nitaomba maji, na mwezi huu hata maji hayawezi kuniokoa. Nikamwambia nikiwa wima, mgongo mlangoni. "Sikughafilika. Tarehe kumi na mbili nilifika hapa niliposimama. Nilikusikia wacheka. Nikakumbuka neno lako la Idi, kwamba za kwangu nitaalikia nani. Nikageuka. Nilikusudia. Sina ugonjwa wowote ila huo."

Tini barabarani muuza madafu alikuwa akigonga panga lake.

"Afadhali ungeghafilika," akasema.

"Najua."

"Hujui. Mama yangu aliposahau jina langu sikumlaumu. Wewe ulilikumbuka, ukalipita."

Nikainamisha uso, kama mwalimu alivyosema. Nana akachukua sahani, akatoa mkate akauweka kwenye sinia lake, akaenda kuiosha. Nikasikia maji muda mrefu kuliko sahani moja inavyotaka. Akaniletea sahani ya kwangu iliyokuwa kwake tangu wiki jana. Imefutwa, kavu, haina kitu.

Tangu nizaliwe sijaona sahani ikirudi tupu, hata kwa maskini. Hutiwa japo ndimu moja, japo kipande cha sukari. Niliishika mbele yangu njia nzima mpaka Kibokoni, na watu wakinisalimia.

Jumanne, 28 Februari

Hakuna sahani.

Jumatano, 1 Machi

Hakuna. Nimewaambia ndugu yangu na mkewe kweli yote. Wifi akasema, "Basi huna kitu?" akaonekana amevunjika moyo; alikuwa ameanza kunizoea. Ndugu yangu alishusha ubao ukutani bila neno, na kwa mtu kama yeye kukosa neno ni adhabu kubwa.

Dama, nilipomwambia, alinitazama sana. "Kwa hivyo zile ndimu wazikumbuka?"

"Zote."

"Basi mbaya wewe," akasema, akacheka, akanipunja kama zamani.

Alhamisi, 2 Machi

Watu wamepanda juu ya mapaa kutazama mwezi. Zamani mimi na Nana tulikuwa tukipanda pamoja, na yeye huuona kwanza kila mwaka, hata ukiwa haupo. Leo nimebaki tini nikichambua mchele. Nimesikia mji ukipiga kelele, nikajua umeandama.

Ijumaa, 3 Machi. Idi

Asubuhi nimevaa, nimepanga vikombe kumi na viwili, nimekaa. Barke na mumewe bado, ndugu yangu alikuwa amekuja akaenda zake. Saa nne nikasikia mlangoni sauti iliyopandishwa juu, ile ya kazi yangu mimi.

"Hodi wenyewe!"

Nana amesimama nje, amejifunga leso ya kijani ya harusi ya Barke, na mikunjo ya dukani imo bado. Nikasema karibu. Hakuingia.

"Ngoja nimalize," akasema. "Sikutumwa na mtu. Nimekuja kwa miguu yangu. Lile neno la Idi, nataka nikwambie, nami sikughafilika. Hata ulimi haukuteleza. Nilitaka wale watu wacheke, na nilijua litakuingia wapi, nikalisema. Siku zote hizi nimengoja unilaumu, hukunilaumu, nikaona basi halikukuuma. Niliona raha kuona hivyo."

Sasa uso aliinamisha yeye. Wanawake wawili wazima, mmoja kizingitini, mmoja ndani, wote twatazama sakafu.

"Sijakusamehe yote," akasema.

"Wala mimi."

"Vyema. Ingekuwa uongo." Akatoa sahani chini ya leso: mbaazi, siku ya Idi, ambapo hakuna anayekula mbaazi. "Mwenye kupiga chapa nimemwambia asimame. Mimi huko Ganjoni simjui mtu, na nyumba za huku nimezisahau nusu. Nyumba unazo wewe. Lakini usiende ukasema umetumwa na Nana. Sitaki."

"Niseme nini?"

"Sema twamuoza mwanetu."

Nikaipokea sahani kwa mikono miwili.

Jumatatu, 6 Machi

Kualika kwa Khubaib nimeanza leo. Marehemu mama aliniambia siku zote nianze upande wa msikiti, mkono wa kulia, na radhi zake nazitaka. Lakini mwalimu wetu wa chuo naye alikuwa na kanuni yake, rudi ulipoacha, na hii leo nimefuata ya mwalimu.

Nikavaa buibui asubuhi mapema, nikapita msikiti, nikapita Marikiti ambapo Dama alinipigia kelele kwamba nimepotea njia, nikaenda moja kwa moja hadi Ganjoni. Ngazi za ghorofa nne. Pazia la maua. Ndani alikuwa akicheka kwa simu.

Nikainua mkono, nikapiga.

"Hodi wenyewe! Twawasalimu sana. Ijumaa tarehe kumi na saba, inshallah, twamuoza mwanetu Khubaib. Mumealikwa nyote, mkubwa na mdogo, aliyeko na aliyetoka."

Kicheko kikakatika. Nikasikia simu ikiwekwa, na kandambili zikija polepole mpaka mlangoni.

"Karibu," akasema Nana. "Nimekungoja tangu Januari."